Jiwe lilikuwa linaharibu picha

Ngoja niwape hii stori mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka Bangwe, maana nasikia inayotembea huko sa hivi ina majeruhi wawili na mimi nimepanda juu ya mchikichi. Sikupanda mchikichi. Nilikaa chini yake tu, na nilikaa kwa sababu miguu iligoma.

Mimi ni mpiga picha, kastudio kangu kako Mwanga hapa Kigoma, pasipoti saizi, harusi, kipaimara, maulidi, mahafali ya chekechea, ukilipa nakuja. Kazi yangu naijua. Bibi harusi namweka katikati, bwana harusi katikati, wakiona aibu kusogeleana nawasogeza mimi kwa mkono. Sasa shida ilianza pale nilipopata kaugonjwa ka kupiga picha magari mabovu. Sijui kalitoka wapi, nadhani ni kwa sababu gari bovu haliniambii nilipunguze tumbo. Na Kigoma hapa magari mabovu yapo, yaani reli inaishia hapa, kitu kikishafika Kigoma kikaharibika hakina tena pa kwenda mbele labda kiingie ziwani. Kuna malori, kuna matrekta, kuna zile gari zilizokuja na mashirika miaka ya tisini wakati wa wakimbizi wa Burundi na Kongo, kila mtaa una gari lake limekaa juu ya mawe na kuna mtoto ndani anaendesha kwa mdomo.

Nikapiga picha kama kumi na mbili hivi, nikaziweka stetasi nikijiona msanii. Kuna jamaa yangu tulisoma wote Tabora (mimi mtu wa Tabora, hili likumbukeni litakuja kuwa na maana), akazitazama zote, akanijibu sentensi moja tu: "Kaka, haya magari yanaomba viza ya wapi?"

Iliniuma asikwambie mtu. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikazifungua moja moja kwenye kompyuta, kila gari liko katikati kabisa, limetazama mbele, limepigwa nikiwa nimesimama wima saa saba mchana, kivuli cheusi tii chini ya bampa, nyuma kuna kamba ya nguo na mti umeota juu ya kabini utadhani lori limepiga kilemba. Kuna Bedford moja ile ukikutana nalo mwenyewe linakutia huzuni mpaka unataka ulipe pole, kwenye picha yangu lilikuwa limetulia kama mtu anayesubiri kuambiwa "haya, usipepese macho."

Basi nikajisomea. Wiki mbili bando lote liliishia huko. Nikaambiwa washa ile mistari ya gridi kwenye kamera, fremu igawanyike mara tatu kwa wima mara tatu kwa ulalo, halafu gari liweke kwenye theluthi ya pembeni, na lile eneo tupu liache mbele ya pua yake, kwa sababu gari hata likifa lina mahali linaelekea, pua ikigusa ukingo wa fremu linaonekana limegonga ukuta. Nikaambiwa shuka, piga magoti mpaka lenzi iwe usawa wa taa, gari ukilitazama kwa juu linakuwa kitoto cha kuchezea ila ukishuka linakutazama na lenyewe. Nikaambiwa usilisogelee sana na lenzi pana maana pua inavimba kama ya mtu kwenye selfi. Nikaambiwa acha saa saba, subiri jua lilale, ule mwanga wa ubavuni ndo unatoa magamba ya kutu moja moja, mchana kutu ni doa la kahawia tu kama chai imemwagika. Na hapo Kigoma tumebarikiwa bwana, jua letu linachelewa karibu dakika 40 kulinganisha na Dar, wenzetu wanaswali magharibi sisi bado tuna dhahabu tele juu ya ziwa na milima ya Kongo ng'ambo inageuka zambarau. Kuna na kifilta cha kuzungusha kinachokata mng'ao wa kioo ili uone siti ndani, hicho sina, nilibandika kioo cha miwani ya jua ya polaroidi kwa selotepu, na kinafanya kazi msinicheke.

Ila kanuni iliyokuja kunimaliza ni ya mwisho. Safisha fremu. Kila kilichomo kwenye picha kiwe na kazi, kisicho na kazi kitoke. Na jicho la mtu, wanasema, linakimbilia kwanza pale palipo peupe kuliko pote, kwa hiyo ukiwa na kitu cheupe kisichohusika, hata kiwe kidogo vipi, umekwisha, watu wataangalia hicho gari wasilione.

Hiyo nikaikariri kama jedwali la tano.

Gari lenyewe nilielekezwa na bodaboda. Akasema Bangwe kule kwenye mteremko, kabla hujashuka kwa wavuvi, kuna Land Rover chini ya mwembe ina miaka na miaka haijatoka hapo. Nikamchukua dogo, binamu yangu, yupo likizo kazi yake kubeba tripodi na kula, tukaenda. Na kweli bwana, chini ya mwembe, kama Stanley alivyomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, tofauti ni kwamba Livingstone alikuwa bado anatembea.

Land Rover 109, ile ndefu, taa zimekaa kwenye mashavu, tairi la spea limelala juu ya boneti, paa limewekwa paa lingine juu yake kwa ajili ya joto, na chini ya kioo cha mbele vile vifuniko viwili vya kuingizia hewa kimoja kimefunguka kimoja kimefungwa, yaani gari limekonyeza. Imetazama chini ziwani. Nyuma yake nyumba, mbele yake mteremko, chini ya mteremko mama mmoja ameanika dagaa kwenye neti, baada ya dagaa mihogo, baada ya mihogo michikichi, baada ya michikichi maji mpaka Kongo. Nilitaka kulia. Hiyo picha ilikuwa imeshajipiga inanisubiri mimi tu.

Kitu kilichonikera kidogo ni kutu, ilikuwa haitoshi. Kumbe Land Rover ndivyo zilivyo, walipoanza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, wakatumia alumini kwenye bodi, kwa hiyo ubavuni zinapauka tu kama sufuria la msibani, kutu yenyewe ukaitafute kwenye chesisi na kwenye ule ukuta uliopo mbele ya miguu ya dereva. Cha pili kilichonikera, matairi yalikuwa na upepo. Nikamwambia dogo sasa gari lililotelekezwa linakuwaje na upepo, tairi inatakiwa ikae kama chapati pale chini. Dogo akauliza, "Niutoe?" Nikamwambia hapana, tusiharibu mali ya watu.

Nilikataa. Naomba hilo liwekwe kwenye kumbukumbu.

Mzee mwenye gari akatoka, kanzu, kofia, birika la udhu mkononi. Mimi kwa kutaka kujipendekeza nikamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye mzee!" Akaangalia jua. Ilikuwa saa kumi jioni.

"Mwakeye ni ya asubuhi mwanangu. Lakini nimeipokea, labda ilichelewa njiani."

Nikarudi kwenye shikamoo ninayoijua. Nikamweleza mimi ni mpiga picha kutoka Mwanga, naomba nipige picha hili gari bovu lako. Akaweka birika chini.

"Gari gani bovu?"

Nikaangalia kushoto kulia, pengine kuna lingine.

"Hii si mbovu," akasema. "Inasubiri kipuri."

"Tangu lini mzee?"

"Tangu 2003."

Baadaye ndo nikaambiwa mtaa mzima wanamwita Kipuri, watoto mpaka wajumbe, ila hapo nilikuwa sijui, nikabaki natikisa kichwa kama namwelewa. Akaniuliza Liemba naijua? Nikasema naijua mzee, meli. Akasema haya, ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiichukue, lakini kabla ya kuizamisha walifanya nini? Sijui mzee. Wakapaka mashine grisi. Grisi tele. Ikalala chini ya maji mpaka 1924, Waingereza wakaitoa, 1927 ikaanza tena kubeba watu. Miaka minane chini ya ziwa! Sasa wewe unakuja hapa kwangu na kamera yako imefungwa miwani unaniambia gari lililokaa mahali pakavu, kivulini, limekufa?

Nikasema hapana mzee.

"Kitu kilichopakwa grisi hakijafa. Kimelala."

Kumbe yule mzee alikuwa dereva wa serikali, gari aliliendesha yeye mwenyewe miaka na miaka, likauzwa mnadani akalinunua, na tangu lisimame kila Jumamosi anaingia chini na kopo la grisi, anapaka kila kinachozunguka, halafu anajaza upepo tairi zote nne kwa pampu ya mguu. Miaka zaidi ya ishirini. Mimi mke wangu sijamhudumia hivyo.

"Piga," akaniambia, akachukua birika lake. "Ila usiguse kitu." Akaenda msikitini, na baada ya alasiri wazee wa pale huwa wanabaki barazani wanacheza bao mpaka jua lizame.

Sasa "usiguse kitu" mimi nikaielewa kama "usiibe kitu". Ndivyo nilivyoielewa, hata polisi ningewaambia hivyohivyo.

Tukaanza kusafisha fremu. Ndoo ya bluu, toa. Kandambili moja ya kushoto, toa. Jembe, toa. Kuku na vifaranga wake tukawatoa mara tatu, mara ya nne nikawaacha nikasema hao wana kazi, wanaonyesha maisha yanaendelea. Jua likaanza kulala vizuri, nikaingia ndani ya kabini kwanza nipige vipande vidogovidogo, maana wanasema usipige gari zima tu, tafuta kitu kimoja ukisogelee. Nikakikuta bwana. Usukani mwembamba mweusi umepasuka mahali pamoja na ile nyufa imezibwa kwa uzi wa nyavu, umeshonwa kabisa, mshono mzuri kama wa fundi viatu. Chini yake, sakafuni, fimbo tatu: gia yenyewe, nyingine ina kirungu chekundu, nyingine ndogo ina kirungu cha njano. Rangi zile na ule mwanga wa jioni unaingia dirishani, loh. Tatizo ile ya chekundu ilikuwa imelala mbele inagongana na gia, mistari inapishana hovyo, picha inakosa utulivu.

Nikaivuta kidogo ikae katikati.

Ikaingia laini kama kisu kwenye siagi. Grisi. Kirungu chekundu kwenye Land Rover, kwa faida ya wengine kama mimi, ndicho kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, kikikaa katikati hata ungekuwa umeweka gia gani kule juu ni sawa na hujaweka, gari limeachiwa. Hilo nimelijua Bangwe, kwa vitendo.

Nikatoka, nikafunga tripodi upande wa mbele kwa pembeni, nikapiga magoti usawa wa taa. Nikatazama kwenye kamera. Mambo yote sawa, gari theluthi ya kushoto, pua imetazama kulia, mbele yake nafasi tupu nimeiacha kubwa tu ya kupumulia, ziwa linang'aa, Kongo ile pale. Na jiwe.

Jiwe jeupe pee, limepakwa chokaa, ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, limekaa mbele ya tairi. Kwa ule mwanga lilikuwa linawaka kama taa ya pikipiki. Jicho likienda kwenye ziwa linarudi kwenye jiwe. Likienda kwenye taa linarudi kwenye jiwe.

"Dogo, toa hilo jiwe."

"Bro, hili limewekwa makusudi."

"Na nani?"

"Sijui, ila limepakwa chokaa."

"Ndo maana nakwambia litoke."

Akalivuta, likakataa. Akalipiga teke, akaumia yeye. Limekaza. Hapo mtu wa kwao milimani angejiuliza jiwe limekaza kwa nini, limebanwa na nini. Mimi nimekulia Tabora, kwetu ni tambarare, gari ukiliacha leo hata kama halina breki kesho unalikuta palepale na keshokutwa pia, sina hiyo elimu ya mteremko kwenye damu. Nikamwambia dogo chukua lile jembe tulilolitoa kwenye fremu.

Akachokonoa, akachokonoa, jiwe likachomoka, akalibeba kifuani akasogea nyuma ya gari asionekane. Kijana mtiifu.

Nikarudisha jicho kwenye kamera. Safi. Safi kabisa. Nikaanza kupiga.

Picha ya kwanza gari liko theluthi ya kushoto. Ya pili limesogea kidogo. Nikajua tripodi inalegea, nikakaza, nikairudisha gari theluthi ya kushoto. Nikapiga. Gari limekuja katikati tena. Nikaanza kukasirika, nikasema dogo acha kugusa tripodi, dogo akaniitikia kutoka mbali upande wa pili, "Mi niko huku!" Nikarekebisha mara ya pili, naapa, nililirekebisha gari linalotembea ili likae vizuri kwenye picha, na nikawa najisemea moyoni mbona ile nafasi niliyoiacha mbele ya pua inaisha, nani anaimaliza.

Na hakuna mlio. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, gari bovu lingelia, lingekwaruza, lingekupa taarifa. Lile lilikuwa na grisi ya Jumamosi elfu moja, lilikuwa linaondoka kama paka.

Nikainua kichwa pale bampa ilipopita mbele ya sikio langu.

Nilichofanya baada ya hapo nakieleza kwa mpangilio ila hakikuwa na mpangilio. Nilishika mlango. Mtu kilo sitini na nane ameshika mlango wa Land Rover amekaza visigino kwenye vumbi, gari halikujua hata kama nipo. Nikakimbia nalo sambamba, nikaingiza mkono dirishani nikavuta hendibreki, ikaja juu yote bila ubishi, kile chuma cha kuivuta breki hakipo, nadhani ndo kipuri chenyewe kinachosubiriwa. Dogo huku nyuma anakimbia na jiwe lake kifuani anapiga kelele "Kata kona! Kata kona!" Nikaruka nikakanyaga kile kibao cha mlangoni, nikashika ule usukani ulioshonwa.

Mama mwenye dagaa alikuwa amekaa mgongo ametupa, anageuza dagaa wake kwa utaratibu. Sijui aliona kivuli. Akageuka, akasimama, na katika hali ile mama wa watu hakuniita mimi, hakumwita Mungu, alipaza sauti kuelekea msikitini:

"Shemejiiii! Gari lako linatoroka!"

Tukapita. Yeye aliruka kulia nasi tukapita kushoto juu ya neti, neti ikashikwa na chesisi tukaondoka nayo, dagaa wakaruka juu, yaani kwa sekunde mbili tatu kulikuwa na mvua ya dagaa imepigwa na jua la jioni kila mmoja anameta, kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona nikiwa mpiga picha, na kamera nimeiacha juu. Tukaingia mihogo. Nikakata usukani wote kuelekea mchikichi kwa sababu baada ya mchikichi kulikuwa na ziwa na mimi sijui kuogelea. Tukaugonga, taratibu kiasi, puu, mti ukatikisika, makuti mawili makavu yakashuka yakalala juu ya boneti kwa heshima zote.

Nikashuka, nikakaa chini. Ndo hapo ninapodaiwa nilipanda.

Wazee walikuja wote. Wa bao, wa msikitini, bodaboda wa kijiweni, watoto, yule kuku na vifaranga. Mbele kabisa mzee wangu amekunja kanzu kaishika mkononi anashuka mteremko kwa kasi ambayo sikuitegemea. Nikaanza mapema, "Mzee nisamehe, mzee ni mimi, mzee nitalipa." Hakunitazama. Alikuwa anatazama juu, kwenye alama za tairi kwenye vumbi, mistari miwili imenyooka kutoka mwembeni mpaka pale.

"Limetembea," akasema.

"Ndiyo mzee, ila ni mimi nili..."

"Nyamaza. Limetembea."

Akawageukia wenzake. "Nani hapa alisema hili gari halitembei mpaka Kiama? Nani?" Mzee mmoja mfupi akaanza kutazama ziwani kama anatafuta mtumbwi wake. Kumbe kulikuwa na ahadi ya mbuzi, ya miaka mingi, imeshuhudiwa. Yule mfupi akajitetea, akasema kutembea ni kutembea na kuporomoka ni kuporomoka, hivi ni vitu viwili. Basi hapo mkutano ukaanza, mimi nimesahauliwa kabisa chini ya mti. Mzee akawaita bodaboda, "Nyie mkishuka kutoka juu huku mnawasha pikipiki?" Wakasema hapana, tunazima tunabana mafuta. "Na abiria mnamtoza?" Tunamtoza. "Mnamwambia mmeporomoka naye au mmemfikisha?" Watu wakaguna. Mfupi akajua mbuzi imeondoka. Wakapima kwa hatua kutoka mwembeni, zikafika themanini na moja, mzee akazirudia mwenyewe akapata themanini na nne.

Halafu ndo akanikumbuka.

"Jiwe langu liko wapi?"

Dogo alikuwa bado amelibeba. Nusu saa nzima hakuna aliyemwambia aliweke chini.

"Unajua kwa nini nililipaka chokaa?" akaniuliza, kwa upole kabisa, upole ule unaouma.

"Hapana mzee."

"Nina wajukuu wanne, mkubwa ana miaka mitano. Nililipaka ili walione, wasiliguse." Akatulia. "Na wameelewa."

Mama wa dagaa naye akafika, kanga yake nyeupe, dagaa wawili kwenye nywele, ungo mtupu mkononi. Sado tano, akasema, na neti. Sikubishana, ingawa moyoni niliona kama tatu na nusu. Nililipa nusu palepale na nusu nikaandikishwa mbele ya mashahidi, tena nikaongezewa kumpiga picha mwanae siku ya mahafali bure. Kulirudisha gari juu ilikuwa kesho yake, watu kumi na wanne na kamba ya mtumbwi, soda za watu wote mfuko wangu, mzee ameshika usukani anapiga honi kwa mdomo. Na kwenye kadi ya kamera, nilipokuja kuangalia usiku, kuna picha saba: gari, gari, gari limesogea, gari katikati, nusu gari, bampa ya nyuma, na ya saba ni mwembe mtupu na ziwa. Ile ya saba haina kitu hata kimoja kinachochafua.

Ila ngoja nimalizie pale mchikichini. Jua lilikuwa limeshuka mpaka pale nilipolisubiri tangu saa kumi, dhahabu imelala juu ya kila kitu, alumini ile iliyopauka ikawa kama shaba. Mzee akafuta makuti kwenye boneti, akanyoosha kofia.

"Haya. Lete kamera. Nipige na gari langu likiwa safarini."

Dogo akakimbilia kuileta. Nikajikusanya, nikaona hapa ndo pa kujikomboa, nikamwambia mzee simama pale ubavuni, kwenye theluthi, tazama ziwani kama unawaza.

"Kwa nini nijifiche pembeni ya gari langu? Nimeliiba?"

"Hapana mzee, ni mpangilio wa..."

"Niweke katikati. Na miguu ionekane."

Nikapiga magoti usawa wa taa. Akasema inuka, unanipiga picha au unaniomba msamaha? Nikasema vyote mzee. Nikainuka. Akasimama wima mbele ya pua ya gari, mikono ubavuni, kidevu juu, macho yamenitazama moja kwa moja bila kupepesa, gari nyuma yake katikati kabisa, yaani ukikata kichwa tu unapeleka uhamiaji.

Na pembeni kulia, hatua tatu nyuma yake, akawa amesimama mama wa dagaa, mkono mmoja kiunoni, mwingine una ungo, kanga nyeupe pee kwenye ule mwanga, amenikazia macho kwa sababu ya ile nusu iliyobaki. Ukiangalia gridi, alikuwa amekaa juu ya makutano ya mistari.

Mzee bila kugeuza kichwa, kwa pembe ya mdomo, akasema, "Mwambie shemeji atoke."

Dogo akaniangalia mimi. Akaangalia jiwe.

Nikamwambia, "Mzee, mimi leo sitoi tena kitu kwenye fremu."